Shajara ya Mradi: Leso Kutoka Kurasa za Maktaba

Tunaandika shajara hii ili darasa jingine la sanaa, liwe la Malindi, la Mombasa au la Faza, liweze kuufuata mradi huu bila kuyarudia makosa yetu. Sisi ni wanafunzi 9 na mwalimu mmoja, tunakutana kila Jumamosi asubuhi hapa Lamu. Nia yetu ni kuchukua kurasa na picha za pwani yetu ambazo maktaba za mbali zimeziweka mtandaoni, tukazitengenezea kitu kipya. Tumechagua leso. Ina pindo, ina mji wake wa katikati, ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na hakuna mtoto katika darasa letu ambaye hakubebwa mgongoni kwa leso.

11 Januari 2025: Kutafuta

Siku nzima tulikuwa kwenye kompyuta mbili na simu nne. Tulianza na maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, yenye mkusanyiko wa Winterton: maelfu ya picha za Afrika Mashariki zilizopigwa kati ya miaka ya 1860 na 1960. Kisha tukaenda SOAS, Chuo Kikuu cha London, kwenye hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwisho tukatazama hati za Msikiti wa Riyadha, zilizopigwa picha chini ya mpango wa British Library wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini. Hizi za Riyadha hazikuondoka. Picha ndizo zilizosafiri, hati zenyewe ziko papa hapa mtaani Langoni, na wanafunzi wawili hupita mbele ya msikiti huo kila siku wakienda shule.

Jambo lililowashangaza zaidi ni hati za London. Nyingi kati ya zile zilizokusanywa na William Hichens zimeandikwa na mkono wa mtu wa Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945. Alikuwa mwandishi wa hati, mshairi na mchonga nakshi. Aliwanakilia Wazungu kadhaa tenzi za kwetu, Hichens, Alice Werner na Ernst Dammann wakiwamo, na ndiyo sababu leo mwandiko wake uko London na Ujerumani. Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa hivyo hii ni barua ya kwetu iliyokwenda ikakosa kurudi?" Sikuwa na jibu zuri zaidi ya swali lake.

Kwa atakayetafuta: usiandike "Lamu" peke yake. Jaribu pia "Lamoo", maana Waingereza wa karne ya 19 waliandika hivyo, na kwenye maktaba za Wajerumani andika "Suaheli". Matokeo huongezeka papo hapo.

18 Januari: Kazi ya wiki nzima kurudiwa

Tulipakua faili 64. Leo tulipozifungua, zote zilikuwa na majina ya tarakimu tu. Hakuna aliyekumbuka ipi imetoka maktaba gani, namba yake katika orodha ni ipi, wala masharti yake yanasemaje. Isitoshe, wanafunzi waliotumia simu walikuwa wamehifadhi ile picha ndogo ya kuonjesha, si faili yenyewe. Picha ya pikseli 600 ukiitanua ifike sentimita 20, kingo zake zinakuwa ngazi ngazi, huwezi kuifuata kwa penseli.

Tulifuta zote tukaanza upya. Sasa kuna daftari moja la karatasi lenye safu tano: jina tulilolipa faili, maktaba, namba ya hati, masharti ya matumizi, na tarehe tuliyopakua. Faili haiingii kwenye flashi kabla haijaingia daftarini. Kwenye ukurasa wa maktaba bonyeza picha mpaka ifunguke katika kitazamio chake, ndipo uchague ukubwa wa juu kabisa. Tulipata hivyo kurasa zenye upana wa pikseli 3,000 na zaidi.

Tumeweka nakala mbili, moja kwenye kompyuta na moja kwenye flashi iliyo kabatini. Oktoba 2023 British Library ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikasimama kwa miezi. Aliyekuwa na nakala yake aliendelea kufanya kazi.

Gharama hadi sasa: bando shilingi 1,300.

25 Januari: Haki, kisha mchoro wa kwanza

Tulitumia saa moja kusoma masharti. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, haki ya maandishi hudumu miaka 50 baada ya kufa kwa mwandishi, na ya picha miaka 50 tangu ilipopigwa au kutolewa. Hati za Kijuma zimepita muda huo. Hata hivyo maktaba nayo huweka masharti yake juu ya picha iliyoipiga, na mengi yanasema usiuze na utaje ulikoitoa. Tumekubaliana: leso hizi haziuzwi, na kila moja itakuwa na kitambulisho cha kitambaa kilichoshonwa upande wa ndani, kikitaja maktaba na namba ya hati.

Kuhusu picha za watu tuliamua jambo moja bila mjadala mrefu. Katika picha nyingi za zamani mpiga picha ametajwa jina na aliyepigwa hakutajwa. Nyuso hizo huenda ni za bibi na babu za watu tunaoishi nao mtaani. Hatuziweki kwenye nguo. Kwenye picha tunachukua milango, mapambo ya kuta na vidaka, vile vijishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, tu.

Mchana vijana wawili walichagua ukurasa wa mwisho wa hati moja ya utenzi. Chini kabisa ya ukurasa mistari inafupika, mmoja mfupi kuliko uliotangulia, mpaka umbo lote linakuwa pembetatu iliyosimama juu ya ncha yake. Waliona papo hapo kwamba ni kona ya leso. Kusema kweli hata mimi nilivutiwa nayo. Wakaiingiza katika programu ya Inkscape, ambayo ni ya bure, ikageuza picha kuwa mistari safi. Karatasi ile ni kuukuu na imejaa vidoadoa, kwa hivyo wakapandisha lile chaguo la kufuta madoa madogo. Ikatoka nyeupe pe. Tulifurahi sana, tukaichapa kwenye karatasi nne.

1 Februari: Nukta zilizopotea, na zilivyotuponza

Hili nalieleza kwa kirefu kwa sababu lingeweza kutuharibia mradi mzima.

Tulimwalika maalimu mmoja wa madrasa, mzee anayesoma hati za zamani, atazame karatasi zetu. Alizishika, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akasema, "Wanangu, hii hamkuiandika nyinyi wala hakuiandika mwenyewe. Nukta ziko wapi?"

Programu ilikuwa imezifuta. Kwake yeye doa la karatasi na nukta ya herufi ni kitu kimoja, mradi ni kidogo. Bila nukta, ba, ta, tha, nuni na ya zinapokuwa mwanzoni au katikati ya neno zote hubaki jino moja. Neno "bibi" linakuwa meno matatu na mkia, na msomaji hana njia ya kulitambua. Sisi tuliokuwa tunatazama umbo hatukuona upungufu wowote. Yeye aliyekuwa anasoma aliuona kabla hajakaa vizuri.

Tukamfungulia faili ya asili kwenye kompyuta. Akasoma taratibu, kidole kikifuata kioo kutoka kulia. Ile pembetatu yetu nzuri haikuwa pambo. Ilikuwa maneno ya mwandishi anayefunga kazi yake: anamshukuru Mwenyezi Mungu, anaomba asamehewe makosa yake ya kunakili, anamtakia rehema atakayesoma. Jina la Mungu lilikuwa mle ndani mara mbili.

Bibi yake mmoja wa wasichana alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake. Alikuwa amekaa barazani akisikiliza. Akasema kwa upole sana, "Leso hufungwa kiunoni, mwanangu. Hukaliwa. Mtu huingia nayo chooni." Hakuongeza neno. Vijana wale wawili waliinamisha vichwa, na mimi niliona uzito wa jambo lile, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wiki iliyopita kwamba wamepata kona.

Bismillahi iliyo juu ya hati kila mtoto hapa angeitambua, asingeigusa. Tulichokosea ni kudhani kwamba yaliyobaki ukurasani ni mapambo. Kuanzia leo kanuni yetu ni hii: hakuna mstari unaotoka kwenye hati kabla mtu anayejua hajausoma wote kwa sauti mbele ya darasa. Maalimu amekubali kuja kila Jumamosi ya pili. Hataki malipo, ametaka tu tumchapishie kurasa zile kwa maandishi makubwa ili azisome kwake.

Kwa upande wa programu: acha chaguo la kufuta madoa katika sifuri. Madoa yafute kwa mkono, moja moja, ukiwa na faili ya asili pembeni. Ukurasa mmoja hutuchukua saa mbili. Hakuna njia ya mkato tuliyoipata.

8 na 15 Februari: Tulichobaki nacho

Tulipanga upya. Tukaweka umbo la pembetatu likiwa tupu, bila neno hata moja, tukalijaza nakshi tuliyoichora wenyewe kutoka kwenye milango. Wanafunzi walizunguka mtaa wa Mkomani na madaftari, wakachora mifaa, ile miti ya katikati ya milango, na vidaka vya ndani walikokaribishwa. Kisha wakalinganisha na picha za zamani za milango ya pwani. Kutoka kwenye hati tulichukua zile alama ndogo zinazotenganisha vipande vya beti, baada ya maalimu kuhakikisha kuwa ni alama tu. Rangi zetu mbili, nyeusi na nyekundu, ni zile za wino wa hati.

Vipimo vilitupa somo la hesabu. Leso yetu ni sentimita 150 kwa 110. Kibao cha kwanza cha pindo, yaani mbao ya kuchongwa ambayo tutapigia chapa, kilichorwa kwa upana wa sentimita 12, na 12 haigawi 150 wala 110 sawasawa, nakshi ingekatika njiani. Tumehamia sentimita 10. Ukiweka vibao vya kona vya 10 kwa 10, upande mrefu unapigwa mara 13, upande mfupi mara 9. Leso nzima ni mapigo 44 na kona 4.

22 Februari: Jina

Leso bila jina si leso. Zamani majina ya leso yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia herufi za Kirumi, kwa hivyo tulitaka kurudi huko. Maneno yenyewe yawe ya wanafunzi. Walileta mapendekezo 14. Lililoshinda lilikuwa la yule msichana aliyeuliza habari ya barua: "Kalamu imesafiri, mkono umebaki hapa."

Maalimu alilipenda, lakini akaonyesha matatizo. Katika mwandiko wa zamani hapakuwa na herufi maalumu ya p, waandishi walitumia ba, na msomaji wa leo angesoma "haba". Zaidi ya hapo, maneno ni marefu kwa kibao cha sentimita 45, na kila nukta kwenye mbao ni kijiti chembamba kinachoweza kuvunjika. Akafikiri kidogo, akasema, "Iteni mkono uko, basi." Kalamu imesafiri, mkono uko.

Kila mtu alinyamaza, kisha wakaanza kulirudia. Lilikuwa fupi na lilikuwa na nguvu kuliko lile la mwanzo. "Kalamu" tumeiandika kwa kafu, si kwa qafu, na ikawa jina zima limebaki na nukta mbili tu: ya fa katika "imesafiri" na ya nuni katika "mkono". Irabu ni tatizo jingine. Kasra ilitumika kwa e na kwa i, dhamma kwa o na kwa u, kwa hivyo asiyejua Kiswahili angesoma "mkunu". Anayejua hapotei. Tumeamua fatha, kasra na dhamma zisichongwe; zitaandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya tete, baada ya kitambaa kupigwa chapa. Kwa hivyo kila leso itakuwa na mkono wa mtu juu yake.

Ramadhani inaingia wiki ijayo. Tutapumzika hadi Aprili; nyumbani kila mmoja anachora kona yake.

5 hadi 26 Aprili: Kuchonga, na kibao kilichochongwa kinyume

Fundi wa nakshi mwenye karakana yake mtaani alikubali kutufundisha kwa shilingi 700 kila Jumamosi. Tulinunua patasi 2 ndogo na bobari 1, ile patasi ya mviringo (2,350), kipande cha mwembe (600) na mabaki ya mvule kutoka karakana (1,500). Fundi alitwambia tuuache mwembe, ungali mbichi. Tulikuwa tumekwisha kuulipa, tukautumia kwa kibao cha pindo. Wiki mbili baadaye ulipasuka kutoka ncha hadi ncha. Shilingi 600 zimekwenda, pamoja na Jumamosi moja ya mwanafunzi aliyekuwa makini kuliko wote.

Kosa kubwa lilikuwa kwenye jina. Mwanafunzi aliyepewa kibao hicho alibandika karatasi ya maalimu juu ya mvule, akapitisha kaboni, akachonga. Alichonga Jumamosi tatu. Kazi ilikuwa safi: kina cha milimita 4, mkia wa ra umelala vizuri, tumbo la nuni limezunguka bila kukwaruzika. Fundi alikuwa amesafiri kwenda Mpeketoni wiki hizo, na mimi nilipokuwa nikipita nilikuwa naona neno linalosomeka, nikasifu.

Tarehe 26 tulipaka rangi, tukapiga kwenye karatasi. Maneno yalitoka yakianzia kushoto kwenda kulia, kila herufi imegeuka. Lam iliangalia upande usio wake. Hakuna aliyeweza kulisoma.

Fundi alirudi siku hiyo hiyo. Alikitazama kibao, akaniambia, "Ndoo na kioo, mwanangu," yaani njoo na kioo, kwa lahaja yetu ya Lamu. Nikaleta kioo cha mkono. Akakisimamisha pembeni ya kibao: ndani ya kioo maneno yalikuwa yamegeuka vilevile kama kwenye karatasi. "Ukisoma kwenye mti, hutasoma kwenye nguo. Ukisoma kwenye kioo, utasoma kwenye nguo. Ndia ni hiyo moya tu." Yeye huchonga milango, na mlango husomwa pale pale ulipochongwa, ndiyo sababu hakufikiria kutuonya kabla ya kuondoka. Mimi mwalimu wa sanaa ndiye niliyepaswa kujua, na sikukagua.

Kijana yule hakulia, ila alikaa na kibao mapajani kwa muda mrefu. Fundi alimkalisha karibu yake, wakakipitisha randa pamoja mpaka zile milimita 4 zikaondoka na mbao ikawa tupu tena. Mvule ulikuwa mnene wa kutosha. Pesa hatukupoteza, tulipoteza Jumamosi tatu.

Namna ya kufanya: andika jina kwenye karatasi ya mafuta, igeuze, wino uguse mbao, ndipo ufuatishe. Kabla ya patasi ya kwanza, kioo. Kioo sasa kimefungwa kwa kamba kwenye meza ya kuchongea.

Jambo jingine dogo: mstari mwembamba kuliko milimita 2 hujaa rangi au huvunjika. Nakshi zote za kompyuta zinenepeshwe hadi hapo kabla ya kuchapwa.

10 Mei: Kitambaa

Tulinunua kitambaa cha marekani mita 4 kwa shilingi 180 kila mita, tukaikata leso mbili, tukapiga pindo kwa rangi ya kitambaa iliyotoka Mombasa. Rangi, nyeusi na nyekundu, ilikuwa shilingi 2,800, na nauli ya mzigo kwa basi hadi Mokowe kisha boti ni 400. Zilipendeza sana kwenye kamba. Jumatatu zikafuliwa. Nyekundu iliondoka karibu yote, nyeusi ikawa kijivu, na kitambaa cha sentimita 150 kikabaki 143.

Marekani mpya ina wanga. Rangi ilikaa juu ya wanga, na wanga ulipotoka ulikwenda nayo. Tungemuuliza mama yeyote anayeshona angetwambia. Hasara shilingi 720.

Sasa tunaloweka usiku kucha, tunafua kwa sabuni, tunaanika, tunapiga pasi, ndipo tunakata. Tunanunua sentimita 165 kwa kila leso ili ikisharudi ndani bado tupate 150 kamili.

31 Mei: Kusi

Kusi limeingia na mvua zimetukuta. Rangi iliyokuwa ikikauka kwa saa mbili mwanzoni sasa haikauki kwa siku moja, na leso moja iliyokunjwa mapema ilijipiga chapa yenyewe, pindo juu ya mji. Tulijaribu kuanika karibu na jiko la mkaa. Ikanuka moshi na haikukauka sawasawa. Kilichofaa ni kuzitundika ndani, chini ya dari, siku mbili nzima, madirisha ya pande zote mbili wazi. Baadaye pasi ya moto upande wa nyuma, kitambaa chembamba kikiwa kati, dakika tano kila sehemu. Ukipiga pasi kabla haijakauka, rangi inahamia kwenye pasi.

Meza nayo ilihitaji marekebisho. Juu ya mbao ngumu chapa hutoka na mabaka. Tumetandika blanketi moja chini ya kitambaa, na rangi tunaiweka kwenye kipande cha sponji ya godoro ndani ya sinia. Kibao kinabonyezwa kwenye sponji mara mbili, hakisuguliwi.

Nyekundu na nyeusi zilikuwa zikipishana kwa nusu sentimita. Misumari miwili midogo kwenye ukingo wa kila kibao, inayoingia katika alama za penseli, imemaliza jambo hilo.

14 Juni: Sita

Baada ya Idi tumepiga leso 6, zote kwa mita 11 za kitambaa kipya (1,980). Mbili zina kasoro: moja kona imepigwa juu chini, nyingine ina alama ya kidole. Tumeziacha hivyo, zitatumika kufundishia.

Maalimu alikuja na kalamu yake ya tete kuandika irabu kwenye leso ya kwanza. Nilimtazama kwa karibu. Alichovya, akapangusa ncha ukingoni mwa kikombe, akangoja. Mkono ulikaa hewani juu ya kafu, kisha ukashuka mara moja, fatha ikalala. Hakuinua macho mpaka alipofika mwisho wa "uko". Leso tano zilizobaki wameziandika wanafunzi, na ya mwisho ameiandika kijana aliyechonga kinyume. Fatha zake zimelala zaidi kuliko za maalimu, na moja imetiririka kidogo. Inasomeka.

Bibi aliyetuonya Februari alifika akataka asomewe jina. Aliposomewa akauliza kalamu imekwenda wapi. Mjukuu wake akamfungulia picha ya hati kwenye simu, akamwambia London. Bibi akaikuza picha kwa vidole viwili, akasema anaujua mwandiko wa namna hiyo; babu yake alikuwa na kitabu cha hivyo kilicholiwa na mchwa. Mjukuu hakuwahi kusikia habari ya kitabu hicho. Walikaa wakizungumza mpaka adhana ya adhuhuri, na sisi wengine tukaendelea kuosha vibao.

21 Juni: Hesabu na vitu vilipo

Jumla ni shilingi 17,700: bando 1,300, kuchapa, karatasi ya mafuta na kaboni 1,150, mbao 2,100, zana 2,350, kitambaa 2,700, rangi na nauli yake 3,200, fundi kwa Jumamosi 7, 4,900. Fedha zilizopotea kabisa ni 1,320, za mwembe na kitambaa cha kwanza. Kwa kuwa vibao na zana zipo, leso mpya sasa inatugharimu kama shilingi 550.

Tumezipelekea maktaba mbili picha za leso zetu pamoja na namba za hati tulizotumia. Moja imejibu, ikaomba usomaji wa maalimu wa ule ukurasa wa mwisho. Ameuandika kwa herufi za Kirumi, karatasi moja na nusu, na Jumatatu tutautuma.

Kibao cha jina kimepakwa mafuta ya nazi, kimefungwa kwa gazeti, kiko rafu ya chini ya kabati pamoja na vibao vitano vya pindo na kona. Flashi na daftari viko rafu ya juu. Atakayetaka kupiga chapa aje Jumamosi na kitambaa kilichokwisha kufuliwa.